Begeli na nkata ya mama

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, aliondoka Lubumbashi mwaka 2018 akiwa na shahada ya uchumi. Kwa miaka kadhaa mama aliwaambia majirani wetu wa Katuba kwamba mwanawe anafanya kazi ofisini Montréal. Yaya hakusema hivyo hata siku moja. Alisema "kazi" tu, na mama akaisikia ofisi ndani ya neno hilo. Kisha baba akafariki, na Yaya hakuja mazishini kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Tangu siku hiyo mama hakuitaja tena ofisi, wala hakumtaja Yaya.

Mwaka jana Yaya alinitumia ujumbe wa sauti. Huko kwao ulikuwa usiku. Nyuma ya maneno yake nilisikia maji yakichemka na mbao zikigongana. "Mdogo wangu," alisema, "mimi ninapinda begeli, kila usiku. Usimwambie mama."

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, na neno nisilolijua ndilo hunishika kwanza, hata pale ambapo moyo ulipaswa kushikwa na jambo jingine. Nikatafuta. Begeli ni mkate wa duara wenye tundu, wa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Neno lenyewe ni la Kiyidi, *beygl*, nalo lina udugu na kitenzi cha Kijerumani *biegen*, yaani kupinda. Linaonekana katika kanuni za jamii ya Wayahudi wa Kraków, nchini Polandi, za mwaka 1610. Wahamiaji waliuchukua mkate huo hadi New York na Montréal. Kwa hiyo Yaya, aliposema "ninapinda begeli", alikuwa amesema jambo moja mara mbili bila kujua.

Nilidhani hata hapa kwetu ningempata mzee anayeukumbuka, kwa kuwa sinagogi lingali limesimama mjini. Lakini Wayahudi wengi waliokuja hapa enzi za Élisabethville walitoka kisiwa cha Rhodes, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kihispania cha Kiyahudi, si Kiyidi. Begeli haikuwa yao. Ikabaki njia moja tu ya kuijua: kuipika.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Nilikanda unga kama wa maandazi, laini, maji mengi. Nilipotupa viduara vyangu ndani ya maji ya moto vilifunguka, vikaelea kama vipande vya nguo. Nikamwandikia Yaya. Akajibu kwa vipimo: nusu kilo ya unga wa ngano, maji gramu 270, si zaidi, chumvi kidogo, kijiko kidogo cha levire. "Ukiona mikono haiumi," aliongeza, "bado hujakanda."

Jumamosi iliyofuata nikaanza upya. Mama alikuwa mlangoni, akichambua maharage, akinitazama bila kusema. Baada ya dakika kumi mikono yangu ilichoka. Akanyanyuka, akanawa, akanisukuma pembeni.

"Hii bunga inaomba nguvu ya bukari," alisema.

Akakanda kwa uzito wa mwili mzima, kama anavyosonga bukari ya watu kumi, mpaka donge likawa gumu na nyororo. Tukaliacha lipumzike chini ya kitambaa kwa muda wa saa moja. Kisha nikamwonyesha: unaviringisha kipande kiwe kamba, unaizungusha kiganjani, unaunganisha ncha mbili na kuzibana juu ya meza. Sufuria ilikuwa ikichemka juu ya mbabula, maji yametiwa asali, kama wafanyavyo Montréal. Nikamweleza kwa nini mkate huu unachemshwa kabla ya kuokwa: wanga wa juu hunyonya maji ya moto, unakuwa kama uji mzito na kuifunga ngozi. Kwa hiyo mkate haufuri sana motoni. Ngozi hung'aa na ndani hubaki pa kutafuna.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

Ningeweza kusema ni intaneti. Nilikuwa nimeahidi. Lakini mikono yake ilikuwa ndani ya unga uleule ambao mikono ya mwanawe hushika kila usiku, na sikuweza kuusema uongo ule mbele ya mikono hiyo.

"Yaya. Ndiyo kazi yake, mama. Si ofisi."

Hakujibu. Alichukua begeli moja mbichi, akaigeuza, akapitisha kidole katika tundu. Kisha, polepole, akaiweka juu ya utosi wake.

"Hii ni nkata," alisema.

Kwa msomaji wa mbali: nkata ni duara la nguo au majani ambalo mwanamke huliweka kichwani ili abebe mzigo. Kiswahili sanifu husema kata au ngata, Kibemba *inkata*, Kizulu *inkatha*. Ni neno la kale la Kibantu, limesafiri kuliko begeli. Nami nilijua nkata ya mama ilikuwa wapi: imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Kwa nkata hiyo alibeba beseni la mikate hadi sokoni, asubuhi baada ya asubuhi, na kwa mikate hiyo Yaya alilipiwa masomo.

Tulichemsha kila moja dakika moja upande huu, dakika moja upande ule. Tanuri hatuna, na umeme ulikuwa umekatika. Tukaoka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, makala chini, makala juu ya mfuniko. Zilitoka kumi. Mbili ziliungua. Mama alikula moja yote akiwa amesimama.

"Anapindaka ngapi usiku moja?"

"Sijui, mama. Muulize."

Nikampa simu. Alikaa nayo muda mrefu kabla ya kubonyeza. Hakumuuliza idadi, wala hakutaja mazishi. Aliuliza: "Moto ya kule ni ya makala ao ya kuni?"

Jibu lilifika usiku. Sauti ya Yaya ilikuwa imekauka. "Ya kuni, mama," alisema, kisha hakuweza kuendelea.

Katika daftari langu la isimu nilikuwa nimeandika kwamba begeli, kama mikopo mingi, ingeingia ngeli ya 9. Nimeufuta mstari huo. Nyumbani kwetu neno hilo halikuingia kabisa, maana lilikuta nafasi ina mwenyewe.

Wiki iliyopita jirani aliuliza habari za mtoto wa Montréal. Nilikuwa uani, nikasikia mama akijibu bila kushusha sauti: "Anapikaka mikate. Kama mimi."