Chupa ya Maji ya Chokaa

Muhula huu nalipewa kazi ya kumsaidia mwalimu wetu wa kemia kutunza maabara. Kazi yenyewe ni kuosha mirija, kubandika majina juu ya chupa na, zaidi ya yote, kutengeneza maji ya chokaa. Labda wasomaji wataona hilo si jambo la kuandikia gazeti, lakini chupa hiyo moja ilinitia katika fedheha ambayo wenzangu wa Kidato cha Nne hawajaisahau.

Maji ya chokaa hayataki haraka. Unatia chokaa iliyokwisha kuzimwa katika chupa kubwa ya maji, unatikisa, kisha unaiacha usiku kucha. Lita moja ya maji haiyeyushi hata gramu 2 za chokaa. Inayobaki hutuama chini, na masimbi hayo ndiyo dalili kwamba maji yameshiba. Mimi nalidhani moto utasaidia, kama usaidiavyo sukari katika chai. Kumbe chokaa ina ukaidi wake: maji ya moto huyeyusha haba kuliko maji baridi! Asubuhi maji maangavu huchujwa, yakajazwa katika chupa hata shingoni, ikazibwa kwa kizibo cha mpira. Kizibo cha kioo hakifai, maana hung'ang'ania kisitoke tena. Wala hewa isiingie, kwa kuwa kaboni dioksidi iliyomo huikamata chokaa na kuigeuza utando mweupe usioyeyuka.

Hayo yote naliyajua. Lakini tuliporudi kutoka likizo nalikuta chupa imebaki nusu, kizibo kimelegea, na ndani imeota ukoko mweupe. Nani aliyeiacha hivyo? Ni mimi. Kesho yake palikuwa na jaribio la vitendo, na jioni ile palikuwa na mpira. Nikayachuja maji yale yale ya zamani, yakatoka maangavu kabisa, nikakimbilia uwanjani.

Katika jaribio tulipewa unga mweupe, tukaumwagia asidi, na hewa iliyotoka tukaipitisha katika maji ya chokaa. Yalitakiwa yageuke kama maziwa. Hayakugeuka. Chokaa yote ilikuwa imebaki katika ukoko wa chupa na karatasi ya kuchujia; sisi tulikuwa na maji matupu. Hata hivyo karibu darasa zima tuliandika, "Yaligeuka meupe," kama kitabu kisemavyo, nami nikiwamo. Mmoja tu, jirani yangu wa bwenini, aliandika, "Sikuona badiliko lolote." Swali lile akapata sufuri.

Siku madaftari yaliporudishwa nalimsikia usiku akijigeuza kitandani. Nami sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mwalimu nikamweleza yote. Aliichukua chupa, akamimina maji kidogo katika bilauri, akapuliza pumzi yake kwa mrija muda mrefu. Maji yakabaki vile vile. Basi akaomba madaftari, akabadili alama: jirani yangu akapata zote, na sufuri ikawa yetu sisi tuliobaki. Juma zima hapana aliyenisogezea bakuli la mboga mezani.

Jirani yangu hakunishukuru, wala sikutazamia. Ila kila Ijumaa hunifuata maabara, akachukua mrija, akapuliza katika maji yangu mapya kabla sijaandika tarehe juu ya chupa.