Je, Zabuni Zina Wenyewe?

Katika mji wa Kitengela liko neno moja ambalo mafundi na wafanyabiashara wadogo hawachoki kulisema: "Zabuni zina wenyewe." Maana yake ni kwamba kazi za serikali hugawanywa kwa siri baina ya ndugu na marafiki wa wakubwa, na kwamba mtu asiye na mtu wake ofisini hujisumbua bure. Neno hili si uzushi mtupu. Hongo ingaliko katika nchi, na mashauri ya zabuni yamefika mahakamani mara nyingi. Lakini neno likisemwa kila siku huwa kama mto wa kulalia. Wako watu wengi ambao hawakunyimwa zabuni na mtu yeyote, bali walijinyima wenyewe kwa kukosa karatasi moja.

Mmoja wa watu hao alikuwa seremala kijana, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya Namanga. Alikuwa na wasaidizi wanne, mke, na watoto watatu wa kusomesha. Kazi yake ilikuwa safi, na viti vyake vidogo vya watoto vilisifiwa na kila aliyevikalia. Hata hivyo aliuza kimoja kimoja, na mwezi wenye mvua nyingi ulipita bila mnunuzi.

Yafaa ikumbukwe kwamba mambo ya Kajiado yamebadilika sana. Hadi mwaka 2013, kazi za wenyeji wa huko zilisimamiwa na Baraza la Kaunti ya Olkejuado. Baada ya Katiba ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013 ikasimama Serikali ya Kaunti ya Kajiado, yenye makao yake katika mji wa Kajiado, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka Kitengela kwa kupitia Isinya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti hiyo ilikuwa na watu 1,117,840, na Kitengela peke yake ilipita watu 150,000. Elimu ya chekechea, zahanati, masoko na barabara ndogo ni kazi ya kaunti. Basi palipo na chekechea hapana budi pawe na viti. Palipo na zahanati hapana budi pawe na vitanda na mashuka. Vitu hivyo lazima vinunuliwe kwa mtu fulani. Swali ni moja tu: kwa nani?

Seremala yule alipopata habari kwamba ofisi moja ya umma inataka viti na meza za watoto, alifurahi kama aliyekwisha lipwa. Alichukua fomu, akaandika bei ambayo aliona ni nafuu, akaitia katika bahasha, akaipeleka kabla ya saa. Majuma kadhaa yakapita, kisha ikaja barua ya kumwambia kwamba hakufaulu. Hapo na yeye akasema kama wenzake: "Zina wenyewe."

Lakini alikuwako jirani yake, mama mmoja mshonaji wa sare za shule, aliyewahi kupata kazi za namna hiyo. Alimwuliza, "Mwanangu, barua hiyo umeisoma mpaka mwisho?" Seremala akajibu, "Nimesoma mwanzo wake, Mama, ukanitosha." Yule mama akaitwaa na kuisoma yote. Sababu ziliandikwa wazi: cheti chake cha kutimiza kodi kilikuwa kimekwisha muda, na kurasa za zabuni yake hazikutiwa namba. Viti vyake havikuangaliwa kabisa, wala bei yake haikulinganishwa na ya mtu. Alitolewa mlangoni.

Mtu asiyejua mambo ya ofisi ataona kwamba kumtoa fundi hodari kwa ajili ya namba za kurasa ni uonevu. Sivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, yataka kila ukurasa uwe na namba kwa sababu njema. Karatasi isiyo na namba yaweza kuchomolewa usiku na mtu mbaya, na asubuhi ikasemwa kwamba haikuletwa. Kwa hiyo namba ile ni mlinzi wa mnyonge. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na zabuni bila hati hupotea vivyo hivyo.

Tangu siku ile seremala alifanya jambo la maana kuliko kuranda mbao. Alinunua jalada, akaweka ndani yake hati ya kuandikishwa kwa biashara, namba ya PIN ya kodi, cheti cha kutimiza kodi, leseni ya biashara ya kaunti, hesabu za benki, na barua za watu aliokwisha wafanyia kazi. Juu ya jalada akaandika tarehe ya kila hati kufikia kikomo. Wengi huanza kuzitafuta hati hizi tangazo likiisha kutoka, na siku chache za tangazo huishia katika foleni. Mwenye busara huziweka tayari kabla ya Julai, kwa maana mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na ofisi hununua kwa kufuata mpango wa mwaka.

Tena, kwa kuwa hakuwa amefika miaka 35, aliomba cheti cha AGPO, ambacho Hazina ya Taifa hukitoa bila malipo. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2013, na kwa huo asilimia 30 ya manunuzi ya serikali huwekwa kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Katika zabuni zilizotengwa hivyo, mshindani hadaiwi dhamana ya benki. Hujaza fomu ya ahadi tu. Zaidi ya hayo, sheria huitaka kaunti ihakikishe kwamba walau asilimia 20 ya manunuzi yake yanawaendea wakazi wake. Mtu wa Kitengela anayelalamika kwamba kazi zote huchukuliwa na watu wa Nairobi, hali hajaomba hata cheti kimoja, ameiacha haki yake ikilala kabatini.

Matangazo nayo hayafichwi kama watu wanavyodhani. Hutolewa katika tovuti ya zabuni za serikali, tenders.go.ke, katika tovuti ya kaunti yenyewe na katika gazeti la MyGov. Mwaka 2025 Hazina ya Taifa ilileta mfumo mpya wa kufanyia ununuzi wote kwa kompyuta, na ubishi wake ukafika mahakamani. Basi yampasa mshindani asome katika kila tangazo ni njia ipi inayotakiwa. Pia ziko orodha za wauzaji walioandikishwa. Ofisi inapotaka vitu vya bei ndogo huwaomba watu wa orodha hiyo walete bei zao, wasiopungua watatu. Asiyekuwamo katika orodha hataitwa, hata awe fundi wa mafundi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitumii. Saa ya mwisho ikifika, zabuni hufunguliwa papo hapo mbele ya washindani wanaopenda kuhudhuria, na jina na bei ya kila mmoja husomwa kwa sauti. Seremala alikwenda mara ya pili akiwa na kalamu na karatasi, akaandika kila bei. Aliyeketi pale na kuandika si rahisi kudanganywa baadaye. Na anayeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu. Akiona ameonewa, anazo siku 14 za kupeleka malalamiko mbele ya Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Zikipita siku hizo, kinachobaki ni manung'uniko ya barazani.

Mara ya tatu akapata agizo la viti 120. Hapa ndipo palipo na hatari ambayo haisemwi sana. Kupata agizo si kupata fedha. Serikali hulipa baada ya kupokea vitu, na kaunti nyingi za Kenya zimelimbikiza madeni ya wauzaji. Seremala alipeleka viti kwa wakati, vikakaguliwa na kupokewa, lakini malipo yakakawia hata mwaka wa fedha ukaisha. Aliuza pikipiki yake ili awalipe wasaidizi wake, na mke wake akauza maziwa ili watoto wasifukuzwe shule. Fedha zilipokuja zilikuwa kamili, ila pikipiki haikurudi.

Kutokana na hayo alijifunza kupiga hesabu ya namna nyingine. Katika bei yake sasa hutia mbao, misumari, gari la kupeleka na pia gharama ya kungoja. Haombi kazi kubwa kuliko ile anayoweza kuingojea miezi sita bila kuuza chombo chake cha kazi. Huhifadhi nakala ya agizo, ya hati ya kupokelewa na ya ankara, maana bila hizo deni halina mdomo. Na kabla ya kununua mbao huuliza kama mikopo ya kutimizia maagizo, inayotolewa na Mfuko wa Vijana, itamfaa. Wanawake nao wana mfuko wao wenye mikopo ya namna hiyo.

Basi wale wasemao kwamba zabuni zina wenyewe wamesema nusu ya kweli. Wenyewe wapo, na baadhi yao huingia kwa mlango wa nyuma; lakini mlango wa nyuma hupanuka kila mara watu waaminifu wanapouacha mlango wa mbele bila mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na watumishi wa umma wakumbuke kwamba hati ya malipo inayolala mezani miezi sita ni chakula cha nyumba fulani. Fundi aliyeshinda kwa haki, kisha akafilisika kwa kungoja, hatarudi tena kushindana. Nao watoto wa chekechea watakalia viti vya mtu mwingine, labda vibovu, kwa bei ya juu.