Huyo Mzungu wa Kilimambogo Hakuwa Lord

Tuanze na hii, kwa sababu nisipoisema itanikaa kooni: William Northrup McMillan hakuwa Lord. Alikuwa Sir. Mtu wa Marekani, amezaliwa St. Louis, Missouri, mwaka wa 1872, kwao wana pesa, akaja hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na baadaye Waingereza wakampa heshima ya kuitwa Sir. Ulord ni kitu kingine kabisa. Lakini uliza mtu yeyote kuanzia Thika hadi Donyo, kuanzia mama anayekaanga samaki karibu na Fourteen Falls hadi makanga wa matatu, wote watakuambia "Lord Macmillan". Hata video za watu wa kontenti, karibu zote ni Lord, Lord. Yaani sisi wenyewe ndio tulimpandisha cheo. Bure.

Naandika nikiwa Gatuanyaga, kwa shosho. Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, hiyo stori nilishaitoa na siirudii. Siku hizi naishi na shosho, nampelekea maji, yeye ananipa chakula na lawama. Na mlima wa Kilimambogo uko kwa dirisha letu la jikoni maisha yangu yote, kama picha ya kalenda ambayo hakuna mtu amewahi kuitoa ukutani. Hakuna mtu wa kwetu alikuwa ameupanda. Hakuna hata mmoja. Guka alikaa chini yake miaka arobaini, na hajawahi.

Kwa hivyo wiki mbili zilizopita tukaenda, mimi na binamu yangu wa Ruiru, yule ambaye kila kitu kikishapita Thika anaita ushago.

Njia ni rahisi. Unapanda gari za barabara ya Garissa, unaangalia mananasi mpaka unachoka na mananasi, unashukia Kilimambogo, unachukua nduthi. Fourteen Falls sitawachosha nayo, mmeiona kwa simu mara mia. Ni Mto Athi unagawanyika kwa mawe, maji yanaanguka kwa vijia vingi, sauti tamu, na plastiki. Uchafu mwingi wa huo mto unatoka Nairobi, kwa hivyo wewe wa Nairobi ukifika hapo ukakunja pua, unakunjia mambo yako mwenyewe. Ukivuka daraja umeacha Kiambu, uko Machakos, na mlima sasa umesimama mbele yako, mkubwa kuliko ulivyoonekana dirishani.

Nyumba kwanza. Watu wa Donyo wanaiita kasri. Ukitarajia kasri la sinema, lenye minara na mfereji, utalia. Ni nyumba ya mawe ya mlowezi tajiri: kuta nene, vyumba vikubwa kuliko mahitaji ya mtu yeyote niliyewahi kumjua, na ule ubaridi wa ndani ambao nyumba za mabati hazijawahi kuusikia. Kile kilinigonga si ukuta, ni mahali penyewe. Mlima nyuma yako, bonde la Athi mbele yako, upepo. Binamu yangu akasema, "Manze, huyu msee alijua kuchagua." Nikamwambia kuchagua ni rahisi ukichagua wewe peke yako.

Na hiyo haikuwa nyumba yake ya pekee. Alikuwa na shamba la Juja, maelfu ya ekari. Hata jina la Juja kuna hadithi kwamba lilitokana na sanamu mbili alizoletea hapa kutoka Afrika Magharibi, moja Ju, nyingine Ja. Kama ni kweli, basi wewe uliyeko hosteli Juja sasa hivi ukila noodles, umelala ndani ya jina la sanamu za mtu. Aliishi pia Chiromo, Nairobi, kwa ile nyumba iliyojengwa na Ewart Grogan, ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Pale Juja ndipo alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka wa 1909, huyo akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani. Roosevelt na kijana wake Kermit walikuja Afrika kuwinda, na kabla safari iishe walikuwa wamepiga risasi wanyama 512, wao wawili tu. 512! Roosevelt aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, na shamba la Juja limo ndani.

Kitu kinachonishangaza na nyumba za hivi ni vile ziara zake huwa. Utaambiwa bwana alikuwa mkubwa wa mwili, alipenda kuwinda, rafiki zake walikuwa nani. Sawa. Lakini mimi nikiingia chumba kikubwa hivyo swali langu la kwanza ni: nani alikuwa anapanguza hapa? Nani alibeba haya mawe? Maji yalitoka wapi, na yalikuja kwa kichwa cha nani? Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyowaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Miaka michache baadaye mwanaume Mwafrika akawekewa kipande, ile karatasi ya kutembea nayo kwa kijisanduku shingoni, ili ajulikane ameajiriwa na nani na ameacha kazi lini. Mmoja anapewa miaka 999, mwingine anapewa kijisanduku. Hiyo pia ni historia ya nyumba, lakini ukutani haimo.

Tukaingia mlimani. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967, ndogo tu, kilomita mraba kama 20, lakini msitu si wa mchezo. Kilele kiko mita 2,145. Ukitembea kwa miguu lazima uwe na askari wa KWS mwenye bunduki, kwa sababu mbogo ni wa kweli, si wa jina. Binamu yangu alidhani ni utani mpaka akaona kinyesi kibichi katikati ya barabara, na afande akasimama, akasikiliza, akatuonyesha kidole mdomoni. Dakika mbili hakuna mtu aliyepumua. Hakuna kitu kilitokea, lakini tangu hapo binamu alitembea akimshikilia afande kama mama yake mzazi.

Mlima wenyewe una majina mengi, na kila jina ni la mtu aliyekuwa hapo kabla ya Sir. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Kilimambogo mnaelewa. Wakamba wanasema Kyanzavi. Wakikuyu wanasema Kĩanjahĩ, na katika imani ya zamani huo ni mmoja wa milima ambayo Ngai hukaa, pamoja na Kirinyaga. Na sasa angalia kitu kizuri: njahi kwa Kikuyu, nzavi kwa Kikamba, ni ile ile njahi nyeusi ya kupika. Watu wa pande mbili za mto, ambao kila uchaguzi wanaambiwa wasiaminiane, waliangalia mlima mmoja wakasema: maharagwe. Mimi hilo lilinifurahisha kuliko kasri.

Makaburi yako njiani kuelekea juu, baada ya kutembea mpaka magoti yakaanza kuongea. McMillan alifariki 1925. Stori inayosimuliwa ni kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini alikuwa mzito na barabara kali, gari lililobeba jeneza likashindwa, wakamzika hapo liliposhindikania. Sijui kwa nini watu huicheka hii stori. Mimi nilifikiria wale waliokuwa wanasukuma.

Kando yake yuko Lady Lucie, mke wake, aliyefariki 1957. Halafu yuko wa tatu: Louise Decker, mfanyakazi wao. Hapo ndipo nilikaa muda mrefu. Nikamuuliza afande, huyu alikuwa nani? Akasema, "Alikuwa msaidizi wao." Basi. Maisha mazima ya mtu, maneno matatu. Na bado huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu angalau jina lake liko hapo. Wapishi, wabeba bunduki wa Juja, wachunga farasi, wale wa kusukuma gari la maiti, hao hata maneno matatu hawakupata.

Sasa nieleze kwa nini niliondoka Gatuanyaga siku hiyo hasa, maana si kwa sababu ya kontenti.

Guka alianza kukata mkonge akiwa kijana, huku huku, kwa mashamba ya wenyewe. Miaka ya 70 akaingia kampuni ya kununua mashamba, wale wazee waliokuwa wanachanga shilingi kwa shilingi, na mwishowe akapata ekari moja na nusu Gatuanyaga. Alifariki 2011, tukamzika nyuma ya nyumba, chini ya mti wa maembe. Hakuna marumaru. Kuna msalaba wa mbao, na shosho hupanda maua ambayo mbuzi hula.

Mnajua bei za ardhi zimeenda wapi huku. Kila mtu aliyekosa Juja anakuja Gatuanyaga na Munyu. Kwa hivyo mzee wangu na ndugu zake wameleta broka. Mpima ardhi alikuja, akapigilia vigingi, akachora: ploti za 50 kwa 100, nane kwa ekari, na barabara ya mita sita ya kuingilia. Na hiyo barabara, nimeiona kwa karatasi kwa macho yangu, inapita juu ya guka. Si kando. Juu. Broka akasema bila shida yoyote, "Hilo mtahamisha. Wanunuzi hawapendi kaburi."

Wanunuzi hawapendi kaburi. Kilomita chache kutoka hapo watu wanalipa kiingilio, wanatembea na askari wa serikali, ili waone kaburi.

Simchukii mzee wangu. Ana deni, dadangu yuko kidato cha tatu, na karo yangu ilipokataa yeye ndiye alilala nje ya ofisi za watu akiomba. Ardhi ndiyo kitu pekee tunacho ambacho mtu mwingine anataka. Naelewa. Lakini nimeanza kuona vile "nyumba ya kihistoria" hutengenezwa, na si kwa umri wa mawe. Hutengenezwa na mtu aliyebaki na pesa za kukumbuka. Angalia Maktaba ya McMillan pale katikati ya Nairobi, ile yenye simba mlangoni. Lady Lucie aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa 1931, ya wazungu peke yao hadi 1958 baraza la jiji lilipoichukua. Hiyo maktaba ina sheria yake ya Bunge. Sheria nzima, kwa jina la mtu mmoja. Shosho alikuwa na miaka kama minane walipofungua mlango kwa watu wa rangi yake. Sikatai jengo. Niliwahi kusoma hapo bure nikiwa sina kitu, na wasichana wa Book Bunk, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wamefanya kazi kubwa kurudisha maktaba hizo za jiji kwa wenyewe. Wale wanaotoa komenti "bomoa, bomoa" hawajawahi kukosa mahali pa kukaa na kitabu mvua ikinyesha. Mimi naomba tu tusifanye kama heshima ya wafu ni kitu kilichokuja na meli.

Niliporudi nilimwonyesha shosho picha. Aliangalia ya kilele haraka, ya kasri haraka zaidi. Ya makaburi akashika simu kwa mikono miwili. Akauliza, "Na hawa, ardhi yao haikuuzwa?" Nikamwambia iliuzwa karibu yote, shosho, lakini hapo walipolala paliachwa. Akanyamaza. Halafu akasema kwa Kikuyu kwamba kumbe inawezekana.

Kwa hivyo nilichukua ile karatasi ya mpima ardhi, nikapiga mstari kwa kalamu. Barabara ikisogea mita nne upande wa choo cha zamani, guka anabaki, na ploti namba tano inapungua kidogo. Kidogo tu. Broka anasema ploti iliyopungua itauzwa bei ya chini. Nimeweka picha ya huo mchoro kwa grupu ya familia ya WhatsApp. Watu kumi na saba wameuona. Aliyejibu ni anti wa Makongeni peke yake, akaweka maombi.

Mkutano ni Jumamosi saa nne, chini ya huo mwembe. Shosho amesema yeye ndiye ataongea kwanza, na kiti chake kiwekwe pale pale kigingi kilipo.