Mpaka Usioonekana Baharini

Nchi kavu ni rahisi kuonyesha mpaka. Unapanda michongoma au unachora mstari wa chokaa, na hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba zaidi ya hapo hatakiwi kupita. Baharini hakuna michongoma. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikivua kwa mshipi upande wa Kunduchi, si kwa kutafuta riziki bali kwa kupumzisha akili, na wazee wenzangu huniuliza: mtu anayevua kwa kujifurahisha anaruhusiwa wapi?

Jibu la sheria lipo, ila lataka kusomwa polepole. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilivyo karibu kabisa na Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Katika eneo tengefu samaki haguswi, uwe na wavu au uwe na ndoana moja tu. Hifadhi ya bahari ni jambo jingine. Ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa sheria ya mwaka 1994, ina vijiji ndani yake, nayo imegawanywa katika kanda. Katika kanda ya kiini uvuvi umekatazwa. Katika nyingine watu huvua kwa masharti, wakazi wakitangulizwa. Nje ya maeneo hayo bahari iko wazi zaidi, lakini hata huko mvuvi wa burudani anatakiwa awe na leseni.

Ukivuka kwenda Kenya, maneno yanageuka. Malindi na Watamu zilitengwa tangu mwaka 1968. Huko hifadhi ya taifa ya baharini ndiyo iliyofungwa kabisa, na ile inayoitwa akiba ndiyo inayowaruhusu wavuvi wa asili. Basi msomaji asichukue jina la huku akaenda nalo kule, aulize kwanza.

Lakini kujua mahali si kumaliza hoja. Siku moja kijana mwenye ngalawa aliniamkia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukikatazwa kuvua pale Mbudya, leo utakula nini?" Nikamjibu kwamba nitakula kilichoko nyumbani. Akacheka kidogo, akasema, "Mimi nyumbani sikuacha kitu."

Maneno yale nimeyafikiria sana. Sheria inatukataza sote wawili kwa sauti moja, lakini haituumizi sawasawa. Mimi nikirudi mikono mitupu nimepoteza asubuhi moja. Yeye amepoteza chakula cha watoto. Kwa hiyo naona kwamba sisi tunaovua kwa starehe ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kutii, tena bila kusubiri askari wa doria. Haifai mtu mwenye pensheni na boti ya mashine kuinyemelea miamba ambayo maskini amefukuzwa.

Wala katazo halikuwekwa kwa chuki. Chewa jike aliyeachwa akakua hutaga mayai mengi kupita kiasi kuliko mdogo wake, na samaki wakiongezeka mahali palipofungwa, baadhi yao hutoka wakaenda kwenye maji ya jirani, ambako kijana yule anaruhusiwa kutega. Mwamba uliofungwa ni kama ghala la mbegu: mwenye njaa hujizuia kulifungua kwa sababu anaitazamia masika.

Ila mwenye njaa hawezi kujizuia peke yake, huku mwenye shibe akichota usiku. Wenye mamlaka nao wana wajibu: maboya yaonekane, na mbao za matangazo ziwekwe kila diko, kwa Kiswahili kinachosomeka, zikieleza eneo limefungwa kwa nani na kwa sababu gani. Mtu akielezwa sababu, hulinda. Akiamrishwa tu, hungoja giza.