Mjusi wa Tanga

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Issenye. Kwa uhaba wa walimu, nilifundisha pia Sayansi darasa la sita. Siku moja somo lilikuwa mijusi. Nikawataja wawili tunaowafahamu: yule wa kwenye mawe, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, na mjusi kafiri anayewinda wadudu ukutani usiku.

Msichana mmoja, ambaye baba yake alihamishiwa huku kikazi kutoka Tanga, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwetu yupo mwingine. Ni mdogo, anatembea mitini mchana. Kichwa chake cha njano, kina mistari myeusi mpaka mgongoni. Anaitwaje?"

Sikujua. Lakini tangu nilipotoka chuo cha ualimu niliamini kwamba mwalimu hayumbi mbele ya darasa. Nikamjibu, "Mjusi ni mjusi tu. Keti." Darasa likacheka. Binti yule hakuniuliza swali jingine mpaka mwaka ulipokwisha.

Nilikwisha kustaafu niliposoma habari za mjusi wa mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga. Mtaalamu wa Kifaransa, Georges Pasteur, alimpa jina la kisayansi mwaka 1995: Lygodactylus kimhowelli, kwa heshima ya Profesa Kim Howell, aliyefundisha elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Mtaalamu huhesabu magamba, hukagua nyayo zinazonata, ambazo jamaa hii ya mijusi inazo hata kwenye ncha ya mkia, kisha humlinganisha na wale waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Akiridhika kwamba ni aina ya peke yake, huchapisha maelezo, na mjusi mmoja huhifadhiwa awe kielelezo, ili mwenye shaka aende kumtazama. Lakini yote hayo huanza pale mtu anaposema: huyu si sawa na wale.

Naam, ndivyo alivyosema mtoto yule. Huenda alimwona huyo huyo. Huenda alimwona ndugu yake, maana pwani wapo wengine wenye vichwa vya njano. Hilo halinipunguzii deni. Mwaka 1987 jina la mjusi wa Amboni lilikuwa bado halijaandikwa katika kitabu chochote. "Sijui" lingekuwa jibu la kweli, nami nililionea haya.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nimechelewa kujifunza kwamba kukiri kutojua nako si aibu. Siku hizi wajukuu wakiniletea mdudu nisiyemfahamu, huwaambia, "Babu hamjui huyu. Hebu nielezeni mmemwonaje."