Mwanga Kichwani

Ukiulizia taa ya helmeti dukani, muuzaji atakutajia kwanza lumeni, kana kwamba mnapimiana mchele. Hii lumeni 800, hii 1,200, hii eti 3,000. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, basi. Haikuambii mwanga huo unakwenda wapi, utadumu saa ngapi, wala utamwangukia nani usoni. Mimi huendesha baiskeli ya milimani usiku, kwenye vijia vya Usambara juu ya Lushoto, na kusema kweli hayo matatu ndiyo yanayonishughulisha kuliko namba ya kwenye boksi.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana kuna kazi, na huku kwetu jioni haikawii. Jua likizama, dakika 20 baadaye huoni mizizi ya mkaratusi iliyokatiza njia. Anayetaka kuendesha baada ya kazi hana budi kufunga taa.

Tuanze na mahali pa kuifunga. Taa ya kwenye usukani iko chini, kwa hiyo jiwe dogo tu hutupa kivuli kirefu, na shimo linajaa weusi. Unaliona. Taa ya helmeti iko juu kidogo ya macho yako. Kivuli kinajificha nyuma ya jiwe lenyewe, na njia nzima inaonekana bapa kama sakafu. Hapo usukani umeshinda. Lakini fika kwenye kona kali ya mteremko: gurudumu bado linatazama korongo, macho yako yameshageuka kutafuta njia, na taa ya usukani inamulika hewa tupu. Ni ya kichwani tu inayokwenda unakotazama. Ndiyo maana wazoefu hufunga zote mbili. Faida nyingine ni kwamba moja ikizima ghafla katikati ya mteremko, hubaki kipofu.

Sasa hesabu, maana wauzaji wanapenda hadithi za Abunuwasi. Taa nyingi za helmeti hutumia betri iitwayo 18650. Jina ni vipimo vyake, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Betri nzuri ya namna hiyo yenye miliampea-saa 3,000 na volti 3.7 inabeba kama wati-saa 11. Ukikadiria kwamba taa ya LED inatoa lumeni 100 kwa kila wati, lumeni 1,000 zinakula wati 10. Yaani saa moja na dakika chache, kwisha. Mtu akikuambia betri moja kama hiyo inatoa lumeni 3,000 kwa saa nne, mshukuru kwa hadithi, uende duka la pili. Hata saa zilizoandikwa kihalali zina ujanja wake: kipimo cha FL1 wanachotumia watengenezaji wengi huhesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Taa "inawaka" bado, ila wewe umeshashuka unakokota.

Halafu kuna uzito. Gramu 100 mkononi si kitu. Weka gramu 250 juu ya kofia, uteremke kwenye mawe kwa saa moja, shingo itakuambia. Na ukungu wa Usambara ukishuka, taa ya kichwani ndiyo ya kwanza kuzimwa: matone yanakurudishia mwanga machoni, ukuta mweupe puani kwako. Unaiachia ya usukani ikutambalie chini.

Kuna raha moja ambayo ya usukani haikupi vizuri. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana kama kioo kwa nyuma, kinachorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kwa kuwa taa iko karibu na macho yako, mwanga huo unarudi kwako. Komba juu ya mti anakuwa makaa mawili mekundu. Mbwa na mbuzi nao wanawaka ukiwa bado mbali, ukapunguza mwendo.

Macho ya binadamu hayawaki hivyo. Kioo hicho hatuna. Binadamu unamwona amekaribia.

Na njia hizi ni zao. Ni za mama anayerudi na mzigo wa kuni, za mzee aliyetoka msibani kijiji cha pili, za vijana waliochelewa mpirani. Wengi hawana tochi, au wana ya simu wanayoibania chaji. Wanatembea kwa macho yaliyozoea giza, na mazoea hayo ya jicho huchukua hata nusu saa kukamilika. Mwanga mkali unayafuta kwa sekunde moja.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa kwa miguu, njia ya ukingoni, wakateremka waendesha baiskeli wawili. Wa mbele alikuwa muungwana, alinigeukia kunisalimu, na kwa kunigeukia akanimwagia taa yote usoni. "Habari za usiku!" Wakapita. Nikabaki nimeshika tawi, mbele yangu duara la zambarau, nasikiliza maji ya bonde upande wa kushoto nijue nisiende upande gani. Nilisimama hapo muda mrefu. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Taa ya helmeti inafuata uso, na uso wa mtu mwenye adabu humgeukia anayemsalimu.

Kiswahili kiliona mbali. Mwanga ni kinachomulika, na mwanga, wingi wake wanga, ni yule anayetoka usiku kuroga. Wapo watakaocheka, lakini jiweke kwenye nafasi ya bibi anayeona nuru isiyo na mwili ikiruka mlimani bila mlio wa injini. Nuru hiyo ikimjia usoni bila neno, atakuita jina gani?

Kwa hiyo ninapochagua taa naanzia kwenye kitufe. Nataka kitufe kikubwa, kidole chenye glavu kikipate bila kutafuta, na mbonyezo mmoja uishushe taa mpaka lumeni 50 hivi. Zile zinazozunguka kali, wastani, hafifu, halafu kumetameta kama gari la wagonjwa, naziacha dukani. Huwezi kufika kwenye hafifu bila kwanza kumpiga mtu picha. Baada ya kitufe ndipo naangalia mengine: lumeni 800 hadi 1,000 zinatosha ikiwa usukani una yake, uzito usizidi gramu 150, na alama ya IPX4 kwa ajili ya manyunyu.

Nikiona mtu sasa, nabonyeza, nainamisha kichwa, napunguza mwendo, ndipo nasema shikamoo. Kwenye mwanga hafifu hatuonani sura vizuri, lakini sauti anaisikia. Mara nyingi hujibu marahaba, kisha huuliza mimi ni wa nani, na nikimtajia tunakuta anamjua baba.