Garsen kwa Upondo

Wakenya wengi waliopita Garsen wameiona kupitia dirisha la basi. Basi la Lamu hutoka Malindi, likapita Mambrui, Gongoni na mashamba ya chumvi, kisha likaingia nyika ya miiba ambayo abiria huitumia kulala. Watu huamka Minjila, kwenye njia panda ya Hola na Lamu. Hununua maembe na mayai ya kuchemsha, huulizana choo kiko wapi, na safari huendelea. Miaka ya 1990 kulikuwa na sababu nyingine ya kusimama: kungoja askari wenye bunduki wapande kulisindikiza basi, kwa kuwa majambazi walikuwa wakivizia magari upande wa Witu. Kwa hofu hiyo, kila abiria alitamani Garsen ipite upesi.

Mimi niliteremka. Nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Mombasa, nimepangiwa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wapokomo huko chini mtoni. Begi langu lilishushwa kutoka kwenye keria pamoja na magunia ya unga ya mwenye duka mmoja, naye ndiye niliyemuuliza gari la kunifikisha kijijini. Alivitazama viatu vyangu kwanza.

"Gari litakufikisha Tarasaa, mwalimu. Kutoka hapo ni maji."

Mto Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya, ukashuka karibu kilomita 1,000 kupita Garissa na Hola. Ukikaribia Garsen, ardhi inalala tambarare na mto unapoteza haraka yake. Unagawanyika, unajikunja, unahama mkondo, unaacha nyuma maziwa yaliyopinda na mabonde ya majani mabichi ambayo zamani yalikuwa mto wenyewe. Mwaka 2012 delta hiyo, hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Barabara ya gari hushika ardhi ya juu, lakini watu hawakujenga kwa kufuata barabara. Walijenga kwenye kingo, palipo na udongo mweusi unaoletwa na mafuriko, mpunga ukaota na migomba ikashika. Kijiji unaweza kukiona kwa macho, ukasikia jogoo wake akiwika, na usikifikie kwa miguu hata ukitembea hadi jioni.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofundishwa na kijiji kile lilikuwa kukaa ndani ya mtumbwi. Unaingia ukiwa umeinama, unakaa chini kabisa, magoti juu, mikono ndani. Mvushaji husimama nyuma na upondo mrefu, na penye kina hushika kafi. Mto ukiwa umejaa havuki moja kwa moja. Hupanda kwanza akiambaa ukingo, pale mkondo ulipo dhaifu, akapita mbali na sehemu anayoikusudia, ndipo anapougeuza uso wa mtumbwi na kukata katikati. Mkondo wenyewe humsukuma chini hadi kwenye gati lake upande wa pili, na akijua kazi hugusa ukingo palepale penye ngazi za udongo. Mzee aliyekuwa akituvusha alifanya hivyo huku akizungumza habari za mahari ya bintiye, bila hata kutazama mbele. Kwenye kona alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo ili kiboko asishtukizwe. Kiboko aliyeshtukizwa, alisema, ni mbaya kuliko mamba, kwa sababu mamba humtaka mmoja na kiboko huupindua mtumbwi mzima.

Nauli yangu ilikuwa barua. Mzee alikuwa na mtoto aliyefanya kazi Mombasa, na kila barua iliyofika nilimsomea, kisha nikamwandikia majibu. Wenye fedha walilipa fedha. Wengine walitoa samaki, na wazazi wa wanafunzi walilipa mpunga baada ya mavuno, kwa safari zote za watoto wao za msimu mzima. Hakuna aliyekuwa na daftari, na sikuwahi kusikia ugomvi wa hesabu.

Hakuna pia aliyewahi kuniambia, "Njoo, mwalimu, nikakuonyeshe mahali." Watu wa kule hawatembei kwa kutazama. Wana shughuli, na ukitaka kuiona nchi yao unaomba nafasi ndani ya shughuli hiyo. Niliiona Ngao kwa kumsindikiza mama wa nyumba niliyopanga alipokuwa akimpeleka mjukuu hospitalini. Tukisubiri dawa, alinionyesha kanisa na kunisimulia jinsi wamishenari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walivyofika hapo katika miaka ya 1880 na kuanza kuandika Kipokomo. Golbanti niliifikia na vijana waliokuwa wakifuata mbegu za mpunga. Hapo ndipo alipouawa mmishenari Mmethodisti John Houghton pamoja na mkewe mwaka 1886, katika shambulio la Wamaasai. Vijana wale walizungumza habari hiyo kama ya jirani aliyehama juzi, na wakaongeza, kwa haki kabisa, kwamba Wapokomo waliouawa siku hiyo hawakuandikwa vitabuni kama yeye.

Ziwa Shakababo nililiona kwa wavuvi. Tuliondoka kabla ya alfajiri kwenda kutegua mitego ya kambare, na kulipopambazuka niliona kwamba weupe niliodhani ni ukungu juu ya miti ulikuwa yangeyange. Waliruka wote kwa mara moja. Nyuma yao wakaja mwari, kisha kwarara wakipiga kelele zao za kugombana, na mnandi waliobaki juu ya visiki wakianika mabawa. Mvuvi mmoja aliniambia kwamba ndege ndio humwonyesha pa kutega: wakihama upande mmoja wa ziwa, naye huhama. Sijaona mahali pengine katika pwani yetu penye wingi wa uhai kama ule asubuhi moja, na najua watu wanaosafiri mbali kwa gharama kubwa kutafuta kitu kilichopungua kuliko kile.

Safari iliyonibadilisha zaidi ilikuwa ya kwenda chini kabisa, hadi Kipini, katika mtumbwi wa mchuuzi wa ndizi. Zamani Tana uliingia baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19 watu wa Witu, waliokuwa na sultani wao na mashamba yao, walichimba mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha na mto Ozi, na maji yakaupenda mfereji ule hadi ukawa mto. Ukifika Kau unaanza kuhisi bahari kabla hujaiona. Huko wakulima wa mpunga hunyweshea mashamba yao kwa mwezi. Wakati wa bamvua, bahari ikijaa, husukuma maji matamu ya mto yarudi nyuma na kupanda juu, nao hufungua vijito vyao na kuyapokea kabla ya chumvi kufika. Maji mafu hayawafai. Mchuuzi alipanga safari yake kwa hesabu hiyohiyo: tulishuka na maji ya kupwa, tukalala Kipini, na kurudi tukapanda na maji ya kujaa, bahari ikitusukuma kutoka nyuma.

Mtoto aliyesomea Kiswahili Mombasa anaijua Ozi kabla ya kuiona, kwa sababu ya shujaa Fumo Liyongo. Kipini wenyeji huonyesha mahali wanapoamini amelazwa. Nilisimama pale na mchuuzi wangu, naye akanisimulia kisa kwa lafudhi ya Kipokomo: jinsi mwana wa Liyongo mwenyewe alivyodanganywa akamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba, na jinsi Liyongo alivyokwenda akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye upinde, akafa hivyo, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa siku kadhaa wakidhani bado yu hai. Darasani kisa hicho kilihusu shujaa. Pale, mbele ya mtu aliyeishi maisha yake yote akichota maji penye mamba, uzito ulikuwa juu ya wale wanawake wenye mitungi waliosimama mbali wasithubutu kusogea. Kesho yake nilikwenda magofu ya Ungwana, mji wa mawe ambao James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950. Mibuyu na ukimya wa msikiti wake vilinivutia, lakini ni kisima nilichokitafuta kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo Mkenya hulijua kwa kusoma na mimi nililijua kwa kusikia. Wimbo wetu wa taifa ulipata sauti yake kutoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Morowa Galana kabla ya uhuru wa 1963. Kwenye mtumbwi wa asubuhi wanawake walikuwa wakiwaimbia watoto mgongoni, nami nilikuwa nikishuka ng'ambo, natembea hadi uwanja wa shule, na kuisikia sauti ileile ikiimbwa na darasa zima mbele ya bendera. Watoto wale waliiimba taratibu kuliko kwingineko kote nilikowahi kufundisha. Sikuwaharakisha.

Wakati wa kiangazi mto ulikuwa wa wengine pia. Waorma walishuka kutoka nyikani na ng'ombe wao kwa njia za mifugo zinazoitwa malka, zinazopita katikati ya mashamba hadi majini. Vumbi lao lilionekana tangu mbali. Ng'ombe wakubwa waliogelea, vichwa vikiwa juu, vijana wakiwafuata kwa makelele ya kumtisha mamba. Ndama waliogelea ubavuni mwa mtumbwi, Mpokomo akisukuma upondo na Muorma akishika pembe changa au sikio. Wazee, watoto na vibuyu vya maziwa walivuka wakiwa wamekaa. Mzee wetu alijua majina ya wengi wao na ya baba zao. Aliuliza habari za amani, za malisho, za mvua, na hapo ndipo bei ya kuvuka ilipotajwa, mara nyingi kwa maziwa.

Mafuriko ya El Niño yaliyoanza mwishoni mwa 1997 yalituonyesha nani mwenye barabara. Barabara ilikatika, kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya mito ya Tana na Athi, zilivunjika, na mitumbwi ikapita katikati ya nyumba. Wazee walisema tangu mabwawa ya juu yajengwe, na hasa tangu Masinga lijazwe mwaka 1981, mto ulikuwa umesahau ukubwa wake, na watu wakajenga chini kuliko baba zao. Mvushaji wetu alifanya kazi mchana na usiku, akipeleka wagonjwa na kurudi na unga. Nauli haikutajwa.

Nilihamishwa baadaye. Agosti na Septemba 2012 nilikuwa mbali niliposikia redioni majina ya vijiji vya delta: Riketa, kisha Chamwanamuma, kisha Kilelengwani. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma hadi kufikia Januari 2013, wakiwamo wanawake na watoto. Yalisemwa mengi kuhusu sababu: mashamba yaliyoziba malka, malisho yaliyopungua, siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Naziamini zote. Lakini kila jina lililotajwa nililijua kama mahali pa kuteremkia, na nilichokifikiria ni mitumbwi iliyofungwa kwenye vigingi na watu wa ng'ambo zote mbili wasiokuwa na mtu wa kuwapeleka kwa wenzao.

Miaka kadhaa baadaye nilibahatika kufika Bangkok. Wageni wengi walikuwa wamekwama kwenye teksi, nami mguu ukanipeleka majini. Boti za abiria za mto Chao Phraya zimepangwa kwa rangi za bendera, na kwenye mfereji wa Saen Saep makondakta hutembea nje ya boti, ubavuni kabisa, wakikusanya nauli huku abiria wakivuta turubai kuzuia maji yasiwarukie. Kuna magati, ratiba, tiketi. Serikali ya kule imekubali kwamba maji ni barabara na inayatengeneza. Nilikaa pale kwa hasira kidogo kwa niaba ya mzee wetu, ambaye alivusha wanafunzi, wagonjwa na mifugo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumjengea hata ngazi tatu za saruji.

Nimerudi Garsen hivi karibuni. Lami sasa inakwenda hadi Lamu, na Minjila vijana wa bodaboda wanakuzunguka kabla mguu haujagusa chini. Pikipiki inafika Ngao kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa chai. Ni nzuri kwa mjamzito na kwa mwenye maembe yanayoiva, na sina neno dhidi yake. Inafika ukingoni tu, basi. Mzee ameshafariki. Nilimkuta mjukuu wake kando ya gati akichonga gogo la mwembe kwa tezo, mti aliounyemelea shambani kwa jirani miaka miwili hadi bei ilipokubaliwa, maana miembe mikubwa iliyonyooka imekuwa adimu. Alisema mtumbwi ule umeagizwa na wazazi wa ng'ambo, Waorma, kwa ajili ya watoto wanaovuka kuja shule. Alikuwa akiuacha mpana katikati kuliko kawaida, wakae wawili wawili, na alitaka kujua kutoka kwangu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, mtoto wa darasa la kwanza na mkoba wake huchukua nafasi kiasi gani.